Kuota Jua kwa Saa Yake: Mwongozo wa Vitamini D kwa Familia

Karibu kila mama aliyejifungua Afrika Mashariki ameusikia ushauri huu, ama kliniki ama kwa mama mkwe: mtoe mtoto aote jua la asubuhi, lina vitamini D. Ushauri una nia njema, na nusu yake ni kweli. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D. Ila jua la saa moja asubuhi, lile jekundu lisilochoma, halina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo. Lenye nguvu ni jua la baadaye, ambalo hutukuta wengi wetu ofisini, darasani, dukani au ndani ya nguo zilizotufunika mwili mzima.

Ndiyo maana mtu anaweza kuishi Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, jua likiwaka karibu mwaka mzima, na bado akapungukiwa na vitamini D. Jua lipo tele, lakini ngozi yake haikutani nalo kwa saa inayofaa. Mwongozo huu unakueleza saa hiyo ni ipi, ukae juani muda gani, nani ajihadhari, ule nini, na ni nani anayehitaji dawa.

Kazi ya vitamini D mwilini

Ndani ya ngozi kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Ikipigwa na miale ya jua ya urujuanimno, hasa ile iitwayo UVB, hugeuka na kuwa vitamini D3. Damu huichukua hadi kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko ndiko inakokamilika na kuwa tayari kwa kazi. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa figo anaweza kushinda juani na bado akapungukiwa. Yeye anahitaji daktari.

Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kunyonya kalsiamu na fosforasi kutoka kwenye chakula. Vitamini D ikiwa haba, utakunywa maziwa na kula dagaa, na kalsiamu nyingi itapita tu. Mwili nao hautakubali damu ikose kalsiamu, kwa hiyo utaichota kwenye mifupa. Mtoto atapata matege. Mtu mzima mifupa yake italainika: mgongo, nyonga na mapaja vinauma, misuli inalegea, kuinuka kitini bila kujishika kunakuwa kazi. Wengi huvumilia hali hiyo miaka mingi wakidhani ni uzee au baridi yabisi.

Ulaya ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika miji ya viwanda ya karne ya 19, moshi na vichochoro vyembamba viliwaziba watoto wasilione jua, na matege yakaenea. Mwaka 1890 Theodore Palm, daktari mmisionari aliyekuwa amefanya kazi Japani, alieleza kwamba ugonjwa huo unafuata ukosefu wa jua. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa kuwamulika kwa taa ya miale ya urujuanimno, na mifupa yao ikaimarika.

Kwetu upo ushahidi mzuri zaidi. Watafiti walipima damu ya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 inayohesabiwa kuwatosha watu wengi. Hawa ni watu weusi, hushinda nje wakiwa na nguo za wastani, na jua likiwa kali hutafuta kivuli. Hawajichomi juani. Wanaishi nje tu, na ngozi yao nyeusi inapata jua la kutosha kidogo kidogo kila siku. Karibu na ikweta, basi, weusi wa ngozi peke yake haukunyimi vitamini D. Maisha ya ndani ndiyo yanayokunyima.

Pima kivuli chako

Huna haja ya chombo chochote kujua jua lina nguvu gani. Simama pahali wazi, kwenye ardhi tambarare, uangalie kivuli chako. Kikiwa kirefu kukuzidi, jua liko chini angani, na UVB nyingi inachujwa na hewa kabla haijakufikia. Kikiwa sawa na urefu wako au kifupi zaidi, ngozi yako inaweza kutengeneza vitamini D vizuri. Kikiwa kimekusanyika miguuni, saa sita na saa saba mchana, UVB imefika kileleni na hatari ya kuungua iko juu kabisa.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kivuli hulingana na urefu wa mtu mnamo saa tatu na nusu asubuhi, hukaa kifupi adhuhuri yote, na huanza kukuzidi tena kuanzia saa tisa alasiri. Mwezi Juni na Julai, ukiwa upande wa kusini kama Mtwara, Mbeya au Lubumbashi, muda huo unapungua. Nafasi nzuri kwa mtu mwenye shughuli zake ni saa nne asubuhi, au kati ya saa nane na nusu na saa tisa, kwa sababu miale inatosha na joto bado linavumilika.

Ukishatoka nje, fanya hivi. Pandisha mikono ya shati hadi juu ya viwiko, na miguu iwe wazi kuanzia magotini. Vaa kofia, maana uso ni sehemu ndogo ya ngozi na hauna haja ya kuchakazwa na jua kila siku. Mwenye ngozi nyeusi aanze na nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki. Mwenye ngozi ya maji ya kunde dakika 15 hadi 20 zinamtosha kuanzia, na mwenye ngozi nyeupe dakika 5 hadi 10. Tofauti hii inatokana na melanini, rangi ya asili ya ngozi, ambayo huidaka UVB kabla haijafanya kazi. Inakukinga dhidi ya kuungua, na wakati huohuo inakudai muda zaidi.

Usingoje ngozi iungue. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo sikiliza ngozi yenyewe: ikiwa ya moto ukiigusa, ikibana au ikiwasha, umezidisha. Nenda kivulini. Kukaa zaidi hakukuongezei chochote, maana ngozi ikishatengeneza kiasi fulani huanza kuivunja ile ya ziada. Kwa sababu hiyo jua halimzidishii mtu vitamini D mwilini, ingawa linaweza kabisa kumdhuru ngozi na macho.

Tena, usihesabu jua la dirishani. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote, huku kikiipitisha miale mingine inayoikunja na kuizeesha ngozi. Dereva anayefunga kioo kwa ajili ya kiyoyozi atauona mkono wake wa upande wa dirisha ukizidi kuwa mweusi mwaka hadi mwaka, na mkono huohuo haumpi vitamini D. Karani aliyeweka meza yake karibu na dirisha naye ni hivyohivyo. Fungua mlango utoke.

Jua la asubuhi lina kazi yake

Sikuambii uliache jua la mapema. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huiamuru saa ya mwili ianze siku. Ubongo husimamisha melatonini, homoni ya usingizi, kisha huianzisha tena usiku kwa wakati wake. Mtu asiyelala vizuri au mwanafunzi anayesinzia darasani atafaidika akitembea nje dakika 20 au 30 kabla ya saa tatu asubuhi. Asilitazame jua lenyewe. Mwanga wa anga unatosha, hata siku ya mawingu.

Macho ya watoto nayo yanahitaji mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, shule kadhaa ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikuongeza muda huo. Mwalimu anayefuta mapumziko ili mtihani usomewe zaidi, na mzazi anayemfungia mtoto ndani na simu, wote wawili wanamnyima kitu ambacho miwani haitakirudisha.

Wanaohitaji uangalizi wa pekee

Mtoto mchanga. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora kwake, lakini vitamini D yake ni kidogo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto anayenyonya apewe matone ya yuniti 400 kwa siku tangu siku zake za mwanzo. Uliza kliniki kama yanapatikana. Ukimtoa nje, dakika chache mnamo saa tatu na nusu zinatosha, miguu na mikono ikiwa wazi, kichwa na macho vikiwa kivulini. Usimwache juani akalala. Hawezi kutoa jasho vizuri wala kukwambia kwamba anaungua.

Na kama mtoto amepata manjano, usiifanye kuota jua kuwa tiba. Manjano yaliyoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, au yanayoambatana na mtoto kukataa kunyonya, ni ya kukimbizwa hospitali mara moja. Ucheleweshaji unaweza kumharibu ubongo.

Mwanamke anayevaa nguo za stara. Buibui na hijabu hazina kosa, ila ngozi iliyofunikwa haitengenezi vitamini D. Nyumba zetu za pwani zilikuwa na jibu: ua wa ndani au wa nyuma, ambapo wanawake walifanya kazi zao kwa faragha chini ya anga. Kama una ua, paa tambarare au roshani iliyozibwa pembeni, peleka huko kazi ya saa nne: kuchambua mchele, kusuka nywele, kuanika nguo, ukiwa na gauni la mikono mifupi. Anayeishi ghorofani bila nafasi kama hiyo, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha, azungumze na daktari kuhusu vidonge. Katika nchi za Ghuba, ambako joto huwafungia watu wote ndani na nguo hufunika mwili, upungufu umeenea sana, kwa wanaume pia.

Mzee. Ngozi ya uzeeni hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya ujanani, na mzee mara nyingi ndiye anayebaki ndani. Mfupa wake ukivunjika, kupona ni kugumu. Mpangie muda wa kutoka kila siku, pamoja na samaki na maziwa mezani.

Mwenye ualbino. Haya niliyoyasema kuhusu nusu saa hayamhusu hata kidogo. Ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini D kwa muda mfupi sana, anaoupata hata akiwa njiani, kwa hiyo hana haja ya kuota jua. Saratani ya ngozi ndiyo adui yake mkubwa. Avae mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua, na apake losheni ya kinga yenye SPF 30 au zaidi. Huko Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Shuleni, mtoto huyu asipangwe mchakamchaka wala kusimamishwa mstarini juani.

Anayetumia mkorogo. Krimu za kujichubua huipunguza melanini, yaani kinga yenyewe. Ngozi huungua upesi, huota madoa, na baadhi ya krimu hizo zina zebaki inayodhuru figo, zilezile zinazoikamilisha vitamini D. Ziache kabla hujaanza kuota jua.

Aliyehamia Ulaya au Amerika Kaskazini. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, jua halipandi vya kutosha kuipa ngozi vitamini D, hata siku ya anga safi. Serikali ya huko inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10, yaani yuniti 400, kila siku wakati wa vuli na baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Kama una ndugu London, Toronto au Minneapolis, mkumbushe.

Chakula kinachosaidia

Vyakula vyenye vitamini D ya asili ni vichache. Vinavyoongoza ni samaki wenye mafuta: vibua, jodari, na dagaa wa baharini. Kiini cha yai kina yuniti 40 hivi, na mtu mzima anahitaji 600 kwa siku, kwa hiyo mayai peke yake hayakufikishi. Maini ya ng'ombe yanayo kidogo. Baadhi ya majarini na maziwa ya unga yameongezewa, soma lebo.

Uyoga una siri nzuri. Kama ngozi yetu, nao hutengeneza vitamini D ukipigwa na UVB, aina iitwayo D2. Ukate vipande, uutandaze kwenye ungo, upande wa chini wenye mikunjo uelekee juu, kisha uuanike mnamo saa tano au saa sita kwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuupika. Uyoga uliokuzwa gizani na kuletwa sokoni moja kwa moja karibu hauna kitu. Huu ulioanikwa unayo ya kutosha kuleta tofauti.

Usisahau kalsiamu yenyewe. Huko Jos, Nigeria, watafiti waliowatibu watoto wenye matege na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999 waliona kwamba kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, iliwaponya vizuri kuliko vitamini D peke yake. Watoto wale walikuwa na jua. Chakula chao kilikosa maziwa. Uji wa mahindi mtupu unaweza kumletea mtoto wako hali ileile. Mpe dagaa wazima waliosagwa pamoja na mifupa yake na kuchanganywa kwenye uji au mchuzi, glasi ya maziwa au mtindi, na sukuma wiki.

Vidonge: kiasi gani, kwa nani

Kwenye chupa kipimo huandikwa kwa yuniti (IU), au mikrogramu; mikrogramu 1 ni IU 40. Mahitaji ya siku ni IU 400 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, IU 600 kuanzia mwaka 1 hadi miaka 70, na IU 800 kwa aliyezidi hapo. Mtu mzima asizidishe IU 4,000 kwa siku bila daktari. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 mpaka ni IU 1,000.

Vidonge, tofauti na jua, vinaweza kukuzidi. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu: kichefuchefu, kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na mwishowe mawe kwenye figo. Zile dozi kubwa za IU 50,000 kwa kidonge, na sindano za laki kadhaa, ni za kuandikiwa na daktari. Usizinunue kwa sababu jirani amezisifia.

Kuna dawa zinazopunguza vitamini D mwilini: baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini, rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi ya VVU. Usiache dawa hizo kamwe. Muulize anayekuandikia kama unahitaji nyongeza. Nyingine, kama doksisaiklini, huifanya ngozi iungue upesi, kwa hiyo ukiwa kwenye dozi jifunike.

Uwe pia na matarajio ya kweli. Vitamini D ina faida ya hakika kwa mifupa na misuli. Wauzaji huahidi kwamba itazuia saratani na maradhi ya moyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2018 uliwapa watu wazima 25,871 ama IU 2,000 kila siku ama kidonge kisicho na dawa, na waliomeza vitamini D hawakupungua kupata saratani wala magonjwa ya moyo. Mwenye afya njema hana haja hata ya kipimo cha damu, ambacho ni ghali. Pesa hiyo inunulie samaki.

Lini uende hospitali

Mtazame mtoto. Msimamishe, vifundo vya miguu vikiwa vimegusana. Mtoto wa chini ya miaka 2 kuwa na nafasi kati ya magoti ni jambo la kawaida. Nafasi ikiwa kubwa, au inaongezeka baada ya umri huo, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, mpeleke. Shika vifundo vya mikono: vikiwa vimevimba na vipana, au mbavuni kuna vinundu vilivyopangana mstari, au utosi haujafunga baada ya mwaka mmoja na nusu, au amechelewa kutembea, usingoje. Matege yakitibiwa mapema, miguu ya watoto wengi hunyooka bila upasuaji.

Wakazi wa Arusha, Meru na maeneo yanayouzunguka Mlima Kilimanjaro waongeze jambo moja. Miguu iliyopinda pamoja na meno ya kahawia huenda inatokana na floraidi nyingi kwenye maji. Hapo tiba huanzia kwenye kubadili chanzo cha maji, na jua halitasaidia.

Mtu mzima aende akipata maumivu ya mifupa yasiyoeleweka kwa wiki kadhaa, akishindwa kupanda ngazi, au mfupa ukivunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Ratiba ya kuanzia

Chagua siku nne za wiki uweke nusu saa yako juani. Kama kazi haikuruhusu saa nne, chukua saa nane na nusu. Jumamosi na Jumapili toka na watoto wote wacheze nje, kofia vichwani, na kivuli kiwe karibu. Samaki wenye mafuta wawe mezani mara mbili kwa wiki, na dagaa au maziwa kila siku inapowezekana. Kisha hesabu watu wa nyumbani mmoja mmoja, ukiuliza nani hakutoka wiki hii: mtoto mchanga, mjamzito, msichana wa kazi anayeshinda jikoni, babu mwenye magoti mabovu. Hao ndio wanaopungukiwa kwanza, na mara nyingi hawana uwezo wa kutoka wenyewe. Kuwatoa nje ni jukumu la aliye na nguvu ya kuufungua mlango.